Kabla ya Kununua Ploti Voi, Isikilize Kwanza

Na MWANDISHI WETU

ANAYETAKA kununua kiwanja hukagua mambo mengi. Huuliza maji yako umbali gani, shule iko wapi, na kama barabara hupitika wakati wa mvua. Huinama akachota udongo kiganjani na kuutazama kana kwamba utamjibu. Aliye mwangalifu zaidi huenda hadi afisi ya ardhi kuhakikisha kwamba hatimiliki ni ya kweli, maana matapeli wa ploti siku hizi ni wengi kuliko ploti zenyewe.

Lakini ni wangapi kati yetu ambao husimama juu ya kiwanja hicho kwa nusu saa, redio ndogo ya betri mkononi, wakaisikiliza hewa ya mahali hapo?

Swali hili laweza kuonekana la mzaha. Kwa mjomba wangu halikuwa mzaha hata kidogo. Mzee huyu alifundisha katika shule za msingi za Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umekwisha kumnyang'anya nuru. Gazeti hili unalolisoma wewe, yeye husomewa. Redio ndiyo saa yake, ndiyo dirisha lake, na ndiyo inayomwambia nani kafariki na mazishi ni lini. Basi alipoamua kuuaga mji na kurudi Taita alikozaliwa, alitoa sharti moja tu.

"Mpwa wangu," aliniambia, "maji tutachota, na njia mbaya tutatembea kwa miguu. Lakini nikikosa redio nitakuwa nimepofuka mara mbili."

Hivyo ndivyo tulivyofunga safari sisi watatu: mjomba, mkewe ambaye sote humwita shangazi, na mimi mwandishi. Mkobani tulikuwa na redio ya betri, betri za akiba, daftari, na majina ya mahali pane tulipoahidiwa kiwanja: kimoja pembeni mwa mji wa Voi, kimoja chini ya mlima Sagalla, kimoja upande wa Wundanyi, na kimoja Taveta kwa mashemeji.

KELELE NA KIVULI

Kabla hatujafika mbali, msomaji, yafaa tuelewane juu ya jambo moja. Redio husumbuliwa na maadui wawili ambao watu wengi huwachanganya.

Adui wa kwanza ni kelele. Hii ni mikwaruzo, mngurumo au mlio wa tik-tik unaoletwa na vyombo vya umeme. Penye cheche yoyote pana wimbi la redio, hata kama hakuna aliyekusudia kutangaza. Mashine ya kuchomelea vyuma, mota ya kinu cha posho, plagi ya pikipiki, chaja ya bei rahisi, balbu duni na hata mtambo wa sola usiotengenezwa vyema, vyote hivi hutangaza kelele bila leseni.

Adui wa pili ni kivuli. Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na mwanga wa tochi. Mlima ukisimama baina yako na mnara wa kurushia matangazo, utakuwa gizani. Unaweza kununua redio ya bei kubwa, lakini mlima hautasogea.

Tofauti ya maadui hawa ndiyo kiini cha safari yetu yote. Kelele mara nyingi huondolewa, kwa kuwa ina mwenyewe na mwenyewe ni binadamu. Kivuli hakina wa kumlalamikia. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo aweza kukimbia kiwanja kizuri kwa sababu ya chaja ya jirani, au akanunua kibaya kwa kuwa siku hiyo palikuwa kimya.

VOI, MJI WA NJIA PANDA

Voi ni mji wa njia. Uko takriban kilomita 330 kutoka Nairobi na kama 160 kutoka Mombasa, katikati ya mbuga za Tsavo. Reli ya zamani ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walichepusha reli nyingine kutoka hapa hadi Taveta ili wakakabiliane na Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Tangu mwaka 2017 pana stesheni ya SGR, na familia ya Nairobi inaweza kunywa chai nyumbani kwake asubuhi na kula chakula cha mchana Voi.

Treni za SGR ya Kenya huvutwa na injini za dizeli. Zingekuwa za umeme, kama zile zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mjomba angekuwa na swali jingine la kuuliza, kwa sababu waya wa juu wa treni huweza kutoa cheche. Hata hivyo, Voi ina nyaya zake. Laini za umeme mkubwa ziunganishazo Pwani na Nairobi hupita hapa, na milingoti yake ya chuma huonekana toka mbali ikivuka nyika nyekundu kama majitu yaliyoshikana mikono.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa kando ya mji, kama kilomita moja hivi kutoka kwenye milingoti hiyo. Tulifika saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Shangazi alipima kwa hatua mahali pa jikoni. Mjomba aliketi juu ya jiwe, akavuta antena na kupitisha mshale wa redio taratibu toka mwanzo wa FM hadi mwisho. Kwa upande wa magharibi vilima vya Dawida vilionekana wazi, na sauti za watangazaji zilikuja safi. Alipohamia mawimbi ya kati, mahali pasipo na stesheni, alisikia mngurumo hafifu tu.

Laiti tungaliondoka saa hiyo, tungalisema kiwanja hakina dosari. Lakini mjomba ni mwalimu, na mwalimu hasahihishi nusu ya daftari. "Tutarudi watu wakiwasha taa," alisema.

Saa moja jioni tulirudi. Mawimbi ya kati yalikuwa yakinguruma kama nyuki walioudhiwa! Hata stesheni moja mbili za FM zilikuwa na mikwaruzo. Shangazi alitazama ile milingoti ya chuma na kutikisa kichwa. Mimi pia nilidhani tumekwisha kumpata mkosaji.

Hapo ndipo mzee alipotufundisha somo ambalo kila mnunuzi wa ploti angefaa kulijua. Ndani ya redio ya mkononi kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena ya mawimbi ya kati. Kijiti hiki hulala kwa upana wa redio na husikia vyema kwa ubavu. Ncha zake zikielekea kwenye chanzo cha sauti, huwa kama kiziwi. Kwa hiyo ukiizungusha redio polepole kama usukani mpaka kelele ififie kabisa, ncha za kulia na kushoto za redio zitakuwa zinakuonyesha mstari ambao mkosaji yuko juu yake. Hujajua bado kama yuko mbele au nyuma. Tembea hatua mia moja kando, urudie. Pale mistari miwili inapokutana ndipo penye chanzo.

Mistari yetu haikukutana kwenye milingoti. Ilikutana kwenye duka dogo la mama mmoja, hatua kama themanini kutoka kiwanjani.

"Hodi, mama. Habari za jioni?" mjomba alisalimu. "Tuwie radhi, tuna ombi la ajabu kidogo. Hebu tuzimie ile chaja yako kwa dakika moja."

"Kwani chaja yangu imewakosea nini, mzee?" aliuliza mama huyo huku akicheka. Hata hivyo aliichomoa. Mngurumo ulikatika kama uzi. Alipoirudisha, nyuki wakarudi.

Ilikuwa chaja ya bei ya chini ya kujaza betri za tochi. Mjomba aliahidi kwamba akihamia hapo, zawadi yake ya kwanza kwa jirani itakuwa chaja bora. Tungalisikiliza mchana peke yake tungalidanganyika, na tungalisikiliza usiku bila kuizungusha redio, tungaliisingizia milingoti na kukimbia.

Si kwamba laini za umeme hazina lawama popote. Vikombe vya kaure vishikavyo nyaya vikipasuka, au chuma kikilegea, cheche huruka katika nafasi ndogo na redio za jirani hunguruma. Kelele ya namna hii huzidi wakati wa ukavu na upepo, na hupungua mvua ikinyesha kwa kuwa maji huziba pengo la cheche. Kelele nyingine ya nyaya za umeme mkubwa ni kinyume chake, nayo huzidi hewa ikiwa na unyevu. Ndiyo maana ukipata nafasi, sikiliza siku kavu na siku ya manyunyu. Hitilafu ya nguzo huripotiwa kwa kampuni ya umeme pamoja na nambari iliyoandikwa kwenye nguzo hiyo, na ni kazi ya mafundi wao kuirekebisha. Na kumbuka, kujenga chini ya laini kubwa ni marufuku, sembuse kusikiliza redio.

SAGALLA, NDOVU NA TIK-TIK

Asubuhi ya pili tulielekea mlima Sagalla, kusini mwa Voi. Hapa ndipo ndovu wa Tsavo na mkulima wa mahindi wanapogombea shamba moja. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa upande wa mashariki, na hakikuwa mbali na ua wa umeme wa kuzuia wanyama hao.

Redio ilipofunguliwa tulisikia tik... tik... tik, kama saa ya ukutani, takriban mara moja kila sekunde. Huo ndio mpigo wa mashine ya ua, ambayo hutuma umeme kwa vipindi badala ya mfululizo ili impige mnyama bila kumuua. Ua mzima ukiwa katika hali nzuri hausikiki sana. Nyasi zikiugusa waya, au kishikizo kikivunjika, umeme huvuja kwa cheche na kila cheche hulia redioni. Kwa maneno mengine, tik-tik hiyo ni habari njema kwa anayetunza ua: inamwambia kuna mahali ndovu anaweza kupenya. Fyeka nyasi, badilisha kishikizo, na redio itatulia.

Sagalla pia ina ua wa namna nyingine usiotoa hata tik moja redioni. Tangu mwaka 2009, mtafiti Lucy King na wakulima wa hapa wamekuwa wakitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, maana ndovu huogopa nyuki. Waya ukiguswa mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu hugeuza njia. Mkulima hubaki na mahindi yake, na asali juu yake.

Kwa hiyo tik-tik haikumtisha mjomba. Kilichomtisha ni kimya cha FM. Upande huo wa mashariki, mlima wenyewe, unaopanda mamia ya mita juu ya nyika, umesimama kati ya kiwanja na vilima vya Dawida. Stesheni alizozisikia Voi jana yake zilikuwa zimegeuka mnong'ono. Tulipanda mteremko mpaka jasho likatutoka, sauti ikaboreka kidogo, lakini pale penye nafasi ya nyumba palikuwa kivulini. Bei ilikuwa ya chini kuliko zote nne, na shangazi alikwisha kuupenda mwembe uliokuwa hapo. Mzee alizima redio akasema kwa upole, "Mke wangu, mwembe huu ni mzuri. Lakini kivuli chake kimezidi."

WUNDANYI, CHINI YA MINARA

Kutoka Voi hadi Mwatate ni kama kilomita 25 za lami zikipita karibu na mashamba ya katani. Mwatate gari hugeuka kulia na kuanza kupanda, na joto la nyika hubaki nyuma. Wundanyi ni mji wa baridi, migomba, mboga na mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya wilaya tangu zamani, na juu zaidi kuna mlima Vuria, kilele kirefu kuliko vyote Taita, chenye zaidi ya mita 2,200. Juu ya Vuria pamesimama minara ya mawasiliano. Aliyeichagua sehemu hiyo alifikiri vyema, kwa kuwa tochi iliyo juu humulika mbali.

Mtu angedhani kwamba anayeishi chini ya minara ndiye anayesikia vizuri zaidi. La hasha! Milima hii ina mabonde mengi yenye kona. Katika umbali wa hatua mia mbili tulipita mahali ambapo mtangazaji alisikika kama aliyeketi nasi, halafu pembe ya mlima ikatufunika na mtangazaji akayeyuka. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa ndani ya pembe hiyo.

Isitoshe, kukaa karibu mno na mnara kuna dosari yake. Redio rahisi hulemewa na nguvu ya stesheni iliyo karibu, kama mtu anayepigiwa kelele sikioni, na stesheni hiyo moja huanza kusikika kila mahali mshale unapokwenda, ikizifunika zilizo dhaifu. Hapo dawa ni kufupisha antena au kununua redio bora zaidi.

Usiku huo tulilala Wundanyi, na mzee akatupa darasa la pili. Mchana, mawimbi ya kati hayafiki mbali kwa sababu tabaka moja la hewa ya juu, lililo kati ya kilomita 60 na 90 hivi juu ya vichwa vyetu, huyameza. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupanda juu zaidi, yakarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo sababu usiku redio hujaa lugha za watu wa mbali, zikipandana na kufifiana. Wageni hao hawatokani na kasoro ya kiwanja. Ukiwasikia, jua tu kwamba masikio ya redio yako ni mazima.

Waliokua miaka ya themanini na tisini wanakumbuka jinsi wazee walivyosogeza redio dirishani usiku kutafuta habari za Kiswahili za BBC, iliyoanza kutangaza kwa lugha yetu mwaka 1957. Kenya wakati huo ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji, Sauti ya Kenya, lililobadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Stesheni za kibinafsi za FM zilianza mwaka 1996. Leo hata Wadawida wana redio za lugha yao, mathalani Mwanedu FM, na mjomba hangekubali kuhamia kwao asiweze kuisikia.

TAVETA, MPAKANI

Jumamosi tulishuka tena Mwatate, tukashika njia ya Taveta kupitia Bura na Maktau, tukiikata mbuga ya Tsavo Magharibi. Katika sehemu ndefu ya njia hiyo redio ilipungukiwa na maneno mpaka ikabaki kukoroma. Kisha Mlima Kilimanjaro ukajitokeza, mita 5,895 za mawe na barafu, na redio ikaamka kwa lafudhi nyingine.

Jumamosi ni siku ya soko Taveta, kama ilivyo Jumatano. Ndizi, nyanya na vitunguu hujaa, na watu huvuka mpaka wa Holili kana kwamba wanavuka barabara. Mawimbi nayo hayaonyeshi pasipoti. Simu zetu zilikaribishwa Tanzania kabla sisi wenyewe hatujafika mpakani, na mtu asiyekuwa mwangalifu huweza kutozwa gharama za mtandao wa ng'ambo akiwa ameketi Kenya. Katika FM, stesheni za nchi mbili huingia pamoja. Mahali fulani zinapokaribiana, redio hushika hii, ukijongea hatua mbili ikashika ile, kama watoto wanaogombania kiti.

Nchi zilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1984, huko Geneva, mataifa ya Afrika na Ulaya yalifikia mkataba wa kugawana masafa ya FM ili jirani asimzime jirani. Hapa nchini msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoanza kazi mwaka 1999 ikiitwa Tume ya Mawasiliano ya Kenya. Mwananchi ambaye matangazo yake yanaingiliwa na mtambo mwingine ana haki ya kupeleka malalamiko huko, na mamlaka ina vifaa vya kutafuta chanzo.

Mjomba aliipenda Taveta. Alikaa sokoni akisikiliza Kiswahili cha Moshi na Arusha, akitabasamu. Lakini stesheni alizozizoea zilimjia kwa vipande vipande, nayo tanzia isiyosikika vizuri ni hatari: mtu aweza kumlilia aliye hai.

WENZETU WALITUNGA SHERIA

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wazee wenye kupenda redio. Kuna nchi ambazo zimetunga sheria kulinda ukimya wa hewa. Nchini Marekani, mwaka 1958, eneo kubwa kuzunguka kijiji cha Green Bank, jimbo la West Virginia, liliwekewa masharti ya mawimbi ili wanasayansi waweze kusikiliza nyota kwa darubini za redio. Afrika Kusini ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2007, na katika nyika ya Karoo mwaka 2018 ilizindua MeerKAT, mkusanyiko wa masahani 64 makubwa. Karoo ilichaguliwa kwa kuwa ni nyika kame yenye watu wachache na vyombo vichache vya umeme.

Kama wanasayansi wenye mabilioni huanza kwa kusikiliza mahali kabla ya kujenga, mstaafu mwenye akiba ya maisha yake yote afanye nini?

Najua kijana atanijibu kwamba redio iko ndani ya simu. Ni kweli, bundle zikiwapo, betri ikiwapo na mtandao ukiwapo. Lakini milima inayoizuia FM huizuia pia simu. Na tukumbuke Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona. Masomo yalitangazwa redioni, na mtoto aliyekuwa kivulini alikosa mwalimu kwa kosa la mahali nyumba ya wazazi wake ilipojengwa.

UAMUZI WA MZEE

Mjomba alichagua Voi. Hakuridhika, hata hivyo, mpaka aliporudi kwenye kiwanja kile mara ya tatu na kuzunguka pembe zake zote nne. Pembe ya kusini magharibi ndiyo iliyokuwa tulivu na yenye kuviona vilima bila kizuizi. Hapo ndipo alipotaka chumba chake kiwe, na choo na jikoni vikahamishiwa upande wa pili. Shangazi aliuliza kama watu watawacheka kwa kupanga nyumba kufuata redio. Mzee alimjibu kwamba wenye macho hupanga nyumba kufuata mandhari na hakuna anayewacheka.

UKAGUE VIPI?

Kwa msomaji anayepanga kuhama, iwe ni Voi, Machakos au Kitale, haya ndiyo ya kufanya:

1. Chukua redio ya betri yenye FM na mawimbi ya kati. Usitumie ya kuchomeka ukutani, kwani huenda kelele ikaingia kwa njia ya waya.

2. Nenda mara mbili angalau: mchana, na kati ya saa moja na saa tatu za usiku watu wakiwa wamewasha vyombo vyao.

3. Pitisha mshale FM yote na uandike stesheni zinazosikika safi. Simama hasa pale nyumba itakapojengwa, wala si barabarani.

4. Weka mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni. Ukisikia mngurumo au tik-tik, zungusha redio mpaka ififie, uone ncha zinaelekea wapi. Rudia ukiwa mahali pengine.

5. Mfuate mwenye kelele kwa adabu. Huyo atakuwa jirani yako, na ombi jema la siku ya kwanza huzaa ujirani mwema.

6. Tazama upeo wa macho. Kuna mlima au jengo refu kati yako na minara? Kuna mtu anayejenga ghorofa?

7. Piga simu ukiwa papo hapo, na uwaulize majirani televisheni yao hukwama picha saa ngapi.

Ukaguzi wote huu hugharimu betri mbili na jioni moja. Muuzaji akikuharakisha, akasema kuna mteja mwingine anayesubiri, mwache amuuzie huyo mteja. Nyumba huvunjwa ikajengwa upya, chaja hubadilishwa na nyasi hufyekwa. Mlima haung'olewi.